Kasumba kuhusu kasumba: morfini tunaiogopa, tramadoli tunaichezea

Kwenye kliniki za tiba shufaa, zinazopunguza mateso ya wagonjwa mahututi, kuna chupa za morfini zinazorudi zikiwa zimejaa hadi shingoni. Mgonjwa ana saratani ya shingo ya kizazi, usiku halali kwa maumivu, na dawa aliyopewa wiki mbili zilizopita imekaa kabatini kwa sababu shemeji amesema hiyo ni dawa ya mateja, au jirani amenong'ona kwamba mtu akishapewa morfini ujue madaktari wamekata tamaa. Mtaa huohuo, kijana wa bodaboda anaingia duka la dawa, anaomba tramadoli kama anayeomba vocha ya simu, anapewa bila cheti, anameza mbili papo hapo na kuzisukuma kwa kinywaji cha kuongeza nguvu, kisha anapakia abiria.

Dawa hizo mbili, zote za kutuliza maumivu, ni ndugu. Tangu habari za fentanili ya Marekani zianze kusambaa kwenye simu zetu, mkanganyiko umezidi: hofu yote tumeipeleka kwa ndugu mmoja, uzembe wote kwa mwingine.

Ukoo wenyewe

Utomvu wa mmea wa mpopi Waswahili waliuita afyuni, na pia kasumba. Neno hilo la pili siku hizi tunalisikia zaidi kwenye kasumba za kikoloni, yaani fikra zilizomlewesha mtu asizione tena kuwa ni fikra tu, lakini asili yake ni huo utomvu. Ndani ya afyuni mna morfini na kodeini. Heroini, yaani unga, ni morfini iliyobadilishwa kikemikali. Tramadoli, pethidini, methadoni na fentanili zimeundwa maabara tangu mwanzo ili zifanye kazi ileile. Zinatofautiana sana kwa nguvu: kodeini ina takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu ya morfini, fentanili ina nguvu ya morfini mara 100 hivi. Ndiyo maana fentanili hupimwa kwa mikrogramu, na ndiyo maana punje chache zilizochanganywa kwenye unga wa magendo zinatosha kuua.

Zote hufanya kazi kwa kugusa sehemu maalumu zilizopo kwenye ubongo, uti wa mgongo na utumbo. Ichukulie kama swichi kuu ya umeme pale ukutani. Unachotaka wewe ni taa ya chumbani, yaani maumivu yapungue. Lakini swichi ni moja, na ukiiwasha, umeme unafika jikoni, stoo na uani: kwenye utumbo, kwenye sehemu ya ubongo inayoleta kichefuchefu, kwenye kibofu, na kwenye sehemu inayouamuru mwili uvute pumzi. Mambo yote ya kuudhi na ya kutisha ya dawa hizi yanatoka hapo.

Maudhi si madhara

Kliniki za uzazi wa mpango zimetuzoesha neno zuri: maudhi madogo madogo. Tulitenge na madhara. Maudhi yanakera, yanatabirika, na yana dawa yake. Madhara yanaweza kukuondoa duniani. Wagonjwa wengi huacha morfini kwa sababu ya maudhi ambayo hakuna aliyewaambia mapema.

Kubwa kuliko yote ni kufunga choo. Utumbo husukuma chakula kwa kujikunja na kujikunjua. Dawa ikigusa swichi ya utumbo, msukumo huo unapoa. Choo kinakaa, na kadiri kinavyokaa utumbo unaendelea kukinyonya maji, kama udongo wa matofali uliosahauliwa juani. Loperamaidi, ile dawa ya kuzuia kuhara, nayo ni ya ukoo huuhuu; imeundwa tu isiingie kwenye ubongo. Ukilijua hilo hutashangaa tena kwa nini morfini inafunga choo.

Maudhi mengine mwili huyazoea, hili hauzoei. Mtu akitumia morfini mwaka mzima, atafunga choo mwaka mzima. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku ileile morfini inapoanza, haisubiri tatizo: kwa kawaida bisakodili ya miligramu 5, kidonge kimoja au viwili usiku, kwa sababu huchukua saa 6 hadi 12 kufanya kazi na mtu atapata choo asubuhi. Maji mengi na papai husaidia kama nyongeza, havitoshi peke yake. Na unga wa pumba bila maji ya kutosha huongeza ugumu, hauupunguzi.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa hata wahudumu. Mgonjwa hajapata choo siku tano, kisha ghafla anaanza kuharisha majimaji kidogo kidogo. Nyumbani wanampa dawa ya kuzuia kuhara. Kumbe choo kigumu bado kimeziba kule chini, na yale majimaji yanapenya pembeni yake. Siku tatu bila choo zinatosha kumrudisha kliniki akapimwe.

Kichefuchefu humpata mtu siku tatu hadi tano za mwanzo, kisha mara nyingi hupita chenyewe. Metoklopramaidi ya miligramu 10, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil, hutolewa kwa siku hizo. Usingizi nao ni wa siku za mwanzo, na sehemu yake ni deni: mtu aliyekesha miezi miwili kwa maumivu akipata nafuu atalala kama gogo, na ndugu watasema dawa imemlevya. Kuwashwa ngozi, kinywa kukauka, mkojo kugoma kutoka, vyote hutokea. Mkojo ukigoma usisubiri nyumbani, hasa kwa mzee mwenye tezi dume.

Pumzi

Kinachoua kwenye ukoo huu ni pumzi. Sehemu ya ubongo inayohisi kwamba hewa chafu imejaa mwilini inapoa, na mtu anasahau kuvuta. Hahangaiki, hatapitapi kama mwenye pumu. Analala, anakoroma mkoromo mzito wenye mikwaruzo, na nyumbani watu wanapunguza sauti ya redio ili wasimsumbue. Mkoromo mpya kwa mtu asiyekoroma, baada ya dawa hizi, ni sababu ya kumwamsha, si ya kumfunika shuka.

Kuhesabu ni rahisi. Tazama kifua kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha, kwa sababu pumzi za namna hii huwa na mapengo. Mtu mzima aliyetulia huvuta mara 12 hadi 20. Zikishuka chini ya 10, na ukimwita kwa sauti na kumtikisa haamki sawasawa, hiyo ni dharura. Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya pini, ingawa dalili hiyo peke yake isikutishe. Anayetumia morfini kwa muda mrefu huwa nayo kila siku, na yupo anapiga soga.

Mlaze kwa ubavu, mdomo uelekee chini ili matapishi yasirudi kooni, na safari ya hospitali ianze. Usimnyweshe maziwa. Usimnyweshe ndimu wala maji ya chumvi. Mtu aliyezimia akinyweshwa chochote kinaingia kwenye mapafu. Hospitali wana naloksoni, dawa inayoing'oa afyuni kwenye swichi zake, na ikipita mshipani hufanya kazi ndani ya dakika chache. Ila yenyewe huisha baada ya dakika 30 hadi 90, wakati dawa iliyomlaza inaweza kubaki mwilini kwa saa nyingi, methadoni hata zaidi ya siku nzima. Aliyezinduka, akadai yuko sawa na anataka kwenda nyumbani, azuiwe.

Kwa mgonjwa wa saratani naloksoni haisukumwi ampuli nzima kwa mkupuo. Ile ya miligramu 0.4 huchanganywa hadi kufika mililita 10, ikatolewa mililita moja moja mpaka pumzi zipande. Ukiimwaga yote, maumivu ya wiki nzima yanarudi kwa dakika moja.

Sasa, kama hatari ni hiyo, kwa nini tusiiogope morfini? Kwa sababu kabla pumzi haijapoa, usingizi hutangulia. Morfini ya kunywa inayoanzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa hatua kwa hatua hutoa onyo: mtu anazidi kusinzia, anashindwa kumaliza sentensi. Anayemuuguza akiliona hilo, anaruka dozi na kupiga simu. Na maumivu yenyewe huisukuma pumzi. Vifo hutokea pale onyo lilipofunikwa na kitu kingine au dozi ilipokosewa.

Kipimo kinavyokosewa

Morfini ya maji huandaliwa kutoka unga wa morfini, na huja kwa nguvu tofauti. Chupa moja huandikwa miligramu 5 kwa mililita 5, nyingine miligramu 50 kwa mililita 5. Tazama tofauti: sifuri moja, mara kumi. Kuna sehemu hutiwa rangi ili zisichanganywe, lakini rangi si lebo, na rangi ya kituo kimoja huenda isiwe ya kingine. Kila ukipewa chupa mpya, soma mstari huo kwa sauti mbele ya nesi kabla ya kuondoka dirishani.

Mtu mzima huanza na miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa nne. Mzee au aliyedhoofu sana huanza na ile ndogo. Kwa chupa ya kwanza, miligramu 5 ni mililita 5. Hapo ndipo kijiko cha chai kinapoingia na kuharibu. Vijiko vya majumbani havilingani: kimoja hubeba mililita 3, kingine 6, na mkono unaotetemeka humwaga nusu. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Lizamishe, vuta, ligeuze juu, gonga povu litoke, kisha soma mstari kwa usawa wa jicho.

Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Dozi ya saa 4 usiku mara nyingi huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe saa 8 usiku. Maumivu yakichomoza katikati, huruhusiwa dozi ya ziada iliyo sawa na ya kawaida, na ile ya ratiba ikifika anapewa vilevile. Kila unachotoa kiandikwe kwenye daftari la shule, saa na mililita. Daftari hilo ndilo daktari hulitumia kupandisha dozi. Bila hilo anakisia. Kungoja maumivu yarudi ndipo unywe ni kama kungoja ndoo ikauke ndipo uende bombani.

Mambo matatu humgeuzia mgonjwa dozi iliyokuwa salama jana. La kwanza ni figo. Morfini hubadilishwa na ini, na mabaki yake, mengine yakiwa bado na nguvu, hutolewa na figo. Saratani ya shingo ya kizazi ikikua huweza kubana mirija inayotoa mkojo figoni. Mkojo unapungua, mabaki yanajaa. Mgonjwa anaanza kushtuka misuli, kuona watu wasiokuwepo, kusinzia mchana kutwa. Nyumbani wanasema ni mashetani, au ni mwisho. Mara nyingi ni dozi inayotakiwa kupunguzwa au kutenganishwa kwa saa nyingi zaidi. Kuhara na kutapika sana kunakomkausha mtu maji huleta yaleyale.

La pili ni nafuu. Mgonjwa amepigwa mionzi kwenye mfupa, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mfano, na wiki chache baadaye maumivu yamepungua kweli. Ile dozi iliyokuwa ikishindana na maumivu makali sasa haina mpinzani. Ipunguzwe kwa maelekezo.

La tatu ni kuchanganya, na hili ndilo linaloua vijana. Pombe, diazepamu (Valium), hata dawa za mafua zenye kusinzisha kama Piriton: kila moja inavuta pumzi chini kwa upande wake. Kiroba na vidonge viwili si mbili jumlisha moja. Ni watu wawili wanaokaba shingo moja.

Arosto, mazoea na uraibu

Maneno haya matatu mtaani ni kitu kimoja, na humo ndimo shemeji wa mwanzo alipopotelea.

Mazoea ni mwili kuhitaji dozi kubwa zaidi kwa matokeo yaleyale. Arosto, kutetemeka, kupiga miayo, makamasi, kuhara na maumivu ya viungo, ni mwili kudai dawa iliyokatwa ghafla. Vyote viwili vinaweza kumpata bibi wa miaka 70 anayekunywa morfini kama alivyoandikiwa. Uraibu ni kitu kingine: kuitafuta dawa kwa ajili ya dawa yenyewe, kushindwa kujizuia ingawa inakuharibia kazi, ndoa na mwili. Mgonjwa wa saratani anayeomba dozi kabla ya wakati mara nyingi anaumwa tu. Mwongezee anavyostahili, utaona ameacha kuomba na ameanza kuulizia wajukuu. Akihitaji kuacha, dozi hushushwa hatua kwa hatua, siku baada ya siku, wala arosto haiji.

Hii haina maana kwamba uraibu wa dawa za hospitali ni hadithi. Marekani ilijifunza kwa machozi. Vidonge vya oksikodoni vya kutoa dawa polepole viliingia sokoni mwaka 1996, vikatangazwa kama visivyo na uraibu mkubwa, vikaandikwa kwa watu wenye migongo na magoti mabovu, miezi na miaka. Mwaka 2007 kampuni iliyohusika ilikiri mahakamani kupotosha kuhusu hatari hiyo. Watu waliozoea walihamia kwenye heroini, kisha fentanili ikaingia, na mwaka 2022 peke yake vifo vilivyohusisha ukoo huu vilizidi 80,000.

Lakini kuchukua hofu ya kule na kuileta wodi ya saratani ya huku ni kukosea nyumba. Hesabu za wataalamu zilizochapishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba kati ya takriban tani 298.5 za dawa hizi zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Sisi tatizo letu hospitalini ni ukame. Uganda ndiyo iliyoonyesha njia: Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, ikieneza morfini ya maji ya bei nafuu, na mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Morfini ikafika vijijini kwenye baiskeli na pikipiki.

Ndugu tunayemchezea

Tramadoli wengi huiita Panadol kali. Si Panadol hata kidogo. Inafanya kazi kwa miguu miwili: mmoja kwenye swichi ya afyuni, mwingine kwenye kemikali za ubongo zinazohusika na hisia na msisimko. Mguu huo wa pili ndio unaomfanya dereva ahisi hachoki, na ndio unaoleta jambo ambalo morfini kwa kawaida hailileti: degedege la mtu mzima. Kikomo kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, yaani kapsuli nane za 50. Kwa aliyezidi miaka 75 ni 300. Degedege huweza kutokea hata chini ya hapo, hasa kwa mwenye kifafa, aliyeumia kichwa, au anayekunywa dawa za sonona kama amitriptilini. Na naloksoni haitegemewi kulizuia.

Kwenye soko la magendo, hasa Afrika Magharibi, kumejaa vidonge vya miligramu 120, 225 na 250. Viwili vya 225 vimeshavuka kikomo cha siku nzima. India, ambako shehena nyingi zilitoka, iliiweka tramadoli chini ya sheria yake ya dawa za kulevya mwaka 2018. Anayeimeza kila siku ili abebe mizigo, au ili achelewe kitandani, atakutana na arosto yenye kitu cha ziada: wasiwasi mkali na wakati mwingine maruweruwe, kwa sababu miguu yote miwili inakatwa kwa pamoja. Asiache kwa mkupuo.

Watoto ni habari nyingine. Kodeini na tramadoli hugeuzwa na ini kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na kuna watu ambao ini lao hugeuza haraka mno. Kwetu Afrika Mashariki, Ethiopia hasa, ni wengi kuliko Ulaya. Kwa mtoto wa aina hiyo, kijiko cha dawa ya kikohozi yenye kodeini huwa dozi kubwa ya morfini. Chini ya miaka 12 zisitumike, na mama anayenyonyesha aziepuke. Haina maana kwamba mtoto aachwe aumie: morfini yenyewe, ikipimwa kwa kilo zake, ni salama zaidi kwa sababu kinachoingia kinajulikana.

Kwa waraibu wa heroini wanaotibiwa kwa methadoni, huduma iliyoanza hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi Februari 2011, kuna mambo mawili. Rifampisini ya kifua kikuu humaliza methadoni mwilini haraka, kwa hiyo arosto ya ghafla baada ya kuanza dawa za TB si utovu wa nidhamu. Dozi inahitaji kupandishwa. Na aliyetoka jela au soba, nyumba ya kuwasaidia waraibu waache, akarudia unga kwa kiasi chake cha zamani, mwili umeshasahau. Kiasi cha jana ndicho kinachoua leo.

Chupa inayobaki

Nyumbani morfini ikae mbali na mwanga, juu, ndani ya kitu kinachofungwa kwa ufunguo, ndani ya chupa yake. Isihamishiwe kwenye chupa ya soda. Mgonjwa akifariki, katika pilikapilika za msiba hakuna anayeikumbuka, ila mjomba anayeumwa mgongo, ambaye hajawahi kuinywa na ambaye jioni atakuwa na bia mbili. Irudi kliniki ilikotoka. Kama ni mbali, piga simu, na wakikuelekeza uimwage chooni, imwage mbele ya shahidi, suuza chupa mara mbili, ung'oe lebo, kabla haijawa chupa ya mafuta ya taa.